Defender iliyopandishwa ikabaki na shokapu fupi: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari ni Land Rover Defender 110 ya milango mitano, injini ya 300Tdi. Linakaa Arusha na hupita mara kwa mara kati ya lango la Lodoare (Ngorongoro) na Naabi Hill (Serengeti). Aliyewahi kuendesha njia hiyo wakati wa kiangazi anaijua rasta yake, yale matuta madogo madogo yanayofuatana. Mwenye gari alikuwa na malalamiko matatu. Nyuma hurushwa pembeni kwenye rasta, hasa penye kona. Mbele hutoa mlio mmoja mkavu, "ko!", gurudumu linapodumbukia shimoni, na si linapogonga ukingo wa pili. Tairi za nyuma nazo zimeanza kulika mabaka mabaka. Shokapu zote nne hazikuwa zimemaliza miaka miwili. Ushauri aliopewa mtaani ulikuwa anunue seti nyingine kama hiyo na kuifunga mwenyewe uani, maana kazi ni nyepesi.

Kweli kufunga shokapu za Defender si kazi ngumu. Tatizo ni hayo maneno "seti nyingine kama hiyo", kwa sababu shokapu hizi hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na urefu.

Hapo nyuma gari liliwekewa springi za kulipandisha inchi 2, yaani kama mm 50, ili lichukue tairi kubwa na mzigo wa darini. Shokapu zilibaki za urefu wa kiwandani. Ni jambo la kawaida, na chanzo chake ni imani kwamba shokapu inabeba gari. Haibebi. Uzito wote umelala kwenye springi. Shokapu kazi yake ni kuzima mchezo wa springi: pistoni inasukuma mafuta kupitia matundu madogo na vali, na ile nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Kwa hiyo ukiinua gari kwa springi, shokapu haisaidii wala haizuii. Inavutwa tu, na gari likiwa limesimama tayari imenyooka mm 50 zaidi kuelekea mwisho wa fimbo yake.

Kwenye Defender jambo hili ni zito kuliko kwenye magari mengi, kwa sababu shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Gurudumu likining'inia shimoni, uzito wa ekseli, difu na tairi unaishia kwenye nati mbili na raba za shokapu. Ule mlio wa "ko!" ndio huo: fimbo imefika mwisho na ekseli nzima imeshikwa ghafla.

Dalili zilivyosomwa

Kipimo cha kusukuma bampa kwa mikono na kuhesabu gari limecheza mara ngapi hakina maana kubwa kwenye gari la springi ngumu. Defender yenye springi nzito haichezi hata ukiipanda. Kipimo chenye faida ni joto. Endesha nusu saa kwenye rasta, simama, kisha upime kila shokapu kwa kipimajoto cha kuelekeza, au usogeze kiganja karibu bila kugusa, kwa sababu inaweza kuunguza. Shokapu inayofanya kazi huwa ya moto. Watu wengi huogopa ile ya moto, kumbe mgonjwa ni yule wa baridi: hakuna mafuta yanayosukumwa, hakuna joto linalozaliwa. Hapa tatu zilikuwa za moto, na ya nyuma kushoto ilikuwa vuguvugu tu.

Hiyo ya nyuma kushoto ilikuwa na mchirizi wa mafuta kutoka chini ya kifuniko cha vumbi hadi kwenye nati ya chini, na udongo umegandamana juu yake. Utandu mwembamba wa mafuta karibu na sili si ugonjwa, kwa sababu fimbo hutoka na unyevu kidogo ili kulainisha sili. Mchirizi uliofika chini ni ugonjwa.

Ushahidi mzito zaidi ulikuwa kwenye raba. Shokapu ya mbele ya Defender ina pini kila mwisho, na kila pini ina raba mbili: moja ndani, upande wa mwili wa shokapu, na moja nje, upande wa nati. Shokapu ikibanwa, raba za ndani ndizo zinazobeba. Ikivutwa, mzigo unahamia za nje. Kwenye gari hili raba za ndani zilikuwa nzima karibu kama mpya, huku za nje, juu kabisa na chini kabisa, zikiwa zimesagika na kutoka vipande pembeni mwa washa. Raba za nje huchoka mapema kidogo kwenye gari lolote, kwa kuwa shokapu nyingi hutengenezwa zikiwa ngumu zaidi zinapovutwa kuliko zinapobanwa. Lakini tofauti ya kiasi hiki inasema jambo moja tu. Nyuma nako jicho la juu la shokapu lilikuwa na raba nyembamba upande wa juu wa pini na nene upande wa chini. Maana yake ni ileile: jicho limekuwa likivutwa kwenda chini.

Hesabu kabla ya duka

Kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, gari lipimwe likiwa limesimama kwenye sakafu bapa na mzigo wake wa kawaida. Vipimo ni viwili kwa kila upande: umbali kati ya sehemu mbili za kufungia shokapu, na nafasi iliyobaki kati ya ekseli na raba ya kuzuia kugonga chesisi.

Namba zifuatazo ni za kuonyesha hesabu, si za kiwanda, kwa hiyo weka zako. Gari likisimama, umbali kati ya sehemu za kufungia ni mm 480. Shokapu ya zamani ikinyooka yote ni 540 na ikibanwa yote ni 340. Imebaki mm 60 tu za gurudumu kushuka. Kabla ya springi ndefu umbali huo ulikuwa 430, kwa hiyo zilikuwepo 110. Karibu nusu ya safari ya kushuka imepotea, na kila shimo la kina cha kiganja linagonga mwisho.

Je, tununue ya 590? Hapo ndipo mtego wa pili ulipo. Shokapu inayonyooka zaidi huwa pia ndefu zaidi ikibanwa, kwa kuwa fimbo ndefu inahitaji bomba refu la kuingilia. Ile ya 590 huenda ikibanwa ikawa 365. Sasa tazama upande wa kupanda: nafasi ya kutoka ekseli hadi kwenye raba ya kuzuia ni mm 110, kwa hiyo ekseli ikigusa raba umbali utakuwa 370. Raba yenyewe hujikunja kwa kishindo, tuipe mm 25, tunafika 345. Shokapu ya 365 itakuwa imeshafika mwisho mm 20 kabla. Ikifika mwisho kwa kubanwa, yenyewe ndiyo inapokea uzito wote wa gari na pigo linaenda kwenye pini na vishikizo. Kuna watu waliotoka kuvunja raba wakaenda kuvunja vishikizo vya chesisi kwa njia hiyo hiyo.

Majibu ni mawili. Tafuta shokapu ambayo urefu wake wa kubanwa hauzidi ule 345, hata kama itanyooka 575 badala ya 590. La sivyo, shusha raba ya kuzuia kwa kipande cha chuma cha unene wa mm 20 hadi 25. Kwenye kisa hiki lilichaguliwa la kwanza, na ndilo bora kwa gari la mizigo. Muuzaji asiyeweza kukutajia urefu wa kubanwa na wa kunyooka, toa futi ukapime mwenyewe, au nenda duka la pili. Jina kwenye boksi halipimi kitu.

Nunua nne. Angalau mbili za ekseli moja, kamwe si moja. Pamoja nazo chukua raba na washa mpya zote, nati mpya, na ringi mbili za mnara wa mbele (kishikizo cha juu cha shokapu ya mbele) zenye stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, nne nne. Ringi hizi ni za bei ndogo, na kuzikosa saa nane mchana Jumapili gari likiwa juu ya stendi ni mateso. Angalia pia hozi za breki: shokapu ndefu huruhusu ekseli kushuka zaidi, na hozi ya urefu wa kawaida inaweza kuwa ndiyo inayovutwa sasa.

Breki ya mkono isikudanganye

Breki ya mkono ya Defender haipo kwenye magurudumu. Ipo nyuma ya transfa, yaani giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, na inashika propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayokwenda kwenye difu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu kuzunguka, na hapo lile lililo chini nalo liko huru kuzunguka upande wa pili. Gari linaweza kubiringika kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Dawa yake ni kufunga difu ya kati, kuweka gia, na kuweka kabari za mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Sakafu iwe ya zege. Kama uani ni udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Siku moja kabla, sugua nyuzi zote kwa brashi ya waya na uzinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Vifaa: spana na boksi namba 19, na ya robo tatu inchi kama 19 inacheza, maana nati za pini kwenye gari hizi mara nyingi ni za inchi, namba 13 na ya nusu inchi kwa nati ndogo za mnara, 27 kwa nati za magurudumu, spana ya bomba, jeki ya sakafuni, stendi mbili nzito, grainda, na grisi ya shaba kwa nyuzi.

Nyuma

Anza nyuma, kwa sababu ndiko rahisi na utajifunza tabia ya nati zako huko. Defender iko juu vya kutosha, kwa hiyo magurudumu yabaki chini. Uzito ukiwa kwenye springi, ekseli haiendi popote na shokapu haina mzigo. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.

Juu, jicho la shokapu limevaa pini iliyolala, lenye raba pande mbili, washa na nati. Chini, pini ya shokapu inapita kwenye kishikizo cha ekseli na kufungwa kwa nati kutokea chini. Legeza ya chini kwanza. Mara nyingi shokapu nzima huzunguka pamoja na nati, na hapo ndipo spana ya bomba inashika mwili wa shokapu, pale chini. Usishike fimbo inayong'aa kama utairudisha shokapu, kwa sababu mkwaruzo mmoja unakula sili. Hizi zilikuwa za kutupwa, kwa hiyo nati ya kulia iliyokataa ilipasuliwa kwa grainda, kwa kukatwa ubavuni sambamba na pini. Bomba la shokapu halikatwi kwa grainda wala moto. Nyingi zina gesi yenye shinikizo ndani pamoja na mafuta.

Washa ya ndani kwenye pini ya juu huganda na kuonekana kama sehemu ya kishikizo. Ukiiacha na kuongeza mpya juu yake, nati itaishia nyuzi chache na raba haitabanwa sawa. Itoe kwa patasi nyembamba, piga pini msasa, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi tu. Raba zipakwe maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na oili huvimbisha raba.

Kabla ya kufunga shokapu mpya ya mabomba mawili (bomba moja ndani ya jingine), isimamishe wima kama itakavyokaa, uivute hadi mwisho na kuibana taratibu mara tano au sita. Ilikuwa imelala kwenye boksi na hewa imeingia chumba cha mafuta. Mara ya kwanza utasikia sehemu tupu isiyo na uzito, kisha inapotea. Isipopotea, irudishe dukani kabla haijapata udongo. Za gesi huja zimefungwa mkanda. Ingiza pini ya chini kwanza, elekeza jicho juu, ndipo ukate mkanda, vidole vikiwa mbali, kwani inanyooka yenyewe polepole lakini kwa nguvu. Isipofikia pini ya juu kwa sababu ya urefu, inua chesisi kidogo kwa jeki.

Nati zikazwe hadi raba ivimbe na kulingana na ukingo wa washa, si zaidi. Fundi mwenye nguvu huzikaza hadi raba inatoka nje kama chapati, akidhani ndio usalama. Raba iliyobanwa hivyo haina nafasi ya kukunja, na hupasuka mapema.

Mbele, na stadi iliyokatika

Mbele shokapu imepita katikati ya springi, na juu yake kuna mnara unaoshikwa na ringi yenye stadi nne. Hutoki na shokapu bila kuondoa mnara. Hapa gari lazima liinuliwe: chesisi kwenye stendi, gurudumu litoke, na jeki ibaki imegusa ekseli muda wote. Ukifungua shokapu jeki ikiwa haipo, hakuna kinachozuia ekseli kushuka isipokuwa hozi ya breki, na springi ya mbele haijafungwa popote. Imekalia kiti chake tu, kwa hiyo inaweza kuanguka.

Fungua nati ya juu ya pini, kisha ya chini inayofikiwa kutoka chini ya ekseli, kisha nati nne za mnara. Nyanyua mnara, toa shokapu kupitia juu. Upande wa kulia ulikwenda hivyo. Kushoto, stadi mbili kati ya nne zilikatika kwa mzunguko wa kwanza wa spana, usawa wa chesisi. Ni kawaida yake: maji na tope hukaa pale juu ya kiti cha springi, kutu hula shingo ya stadi, na nati inabaki imara kuliko stadi yenyewe.

Stadi hizo haziwezi kubadilishwa kwa juu. Ringi imebanwa kati ya springi na chesisi, na stadi zinapenya kuja juu, kwa hiyo ringi mpya inadai springi itoke. Kazi ya dakika arobaini ikawa ya nusu siku. Kumwita mchomeleaji aunganishe stadi palepale ni wazo baya, kwani joto na chuma kilicholiwa havipatani, na mnara ukiachia barabarani shokapu inapenya kuelekea kwenye boneti.

Utaratibu: fungua nati ya chini ya shokapu ya upande wa pili pia, la sivyo ekseli itashuka upande mmoja na kukwama. Kama gari lina fimbo ya kuzuia kulala pembeni, fungua viungo vyake. Chesisi ikiwa kwenye stendi mbili, shusha jeki sentimita chache kwa wakati, na kila mara angalia hozi za breki pande zote mbili na bomba la pumzi la difu. Springi ya kawaida hulegea yenyewe na kutoka. Springi ndefu kama hizi huweza kubaki na mkazo kidogo mwishoni, na hapo vibano vya springi hutumika. Mtaimbo na mguu wa jirani havifai. Safisha kiti, weka ringi mpya stadi zikitazama juu, rudisha springi ncha ikae kwenye nafasi yake, pandisha jeki. Ringi ya kulia ilibadilishwa pia wakati huohuo, kwa kuwa ekseli ilikuwa tayari imeshushwa.

Shokapu mpya iingie na raba yake ya ndani imeshavaa kila pini. Ukiisahau ya chini utagundua mnara umeshafungwa.

Baada ya kufunga

Gurudumu lirudi, nati zikazwe kwa msalaba: nyutoni mita 100 kwa rimu za chuma za kawaida, 130 kwa za aloi. Gari likiwa chini, rudia nati zote za shokapu. Kisha panda gurudumu moja la mbele kwenye kichuguu au ngazi ya mawe hadi jingine linakaribia kuning'inia, na mtu achungulie chini usukani ukizungushwa mwisho kulia na kushoto. Hozi isivutwe wala isiguse tairi. Rudia upande wa pili, na nyuma vilevile.

Ili kujua kama hesabu ya kubanwa ilikuwa sahihi, funga kamba ya plastiki ya kubana kwenye mwili wa shokapu, usawa wa ukingo wa chini wa kifuniko cha vumbi. Kila shokapu inapobanwa, kifuniko huisukuma chini na kuiacha hapo. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, ilipoishia ndipo mwisho wa kubanwa ulipofika. Kwenye gari hili ilisimama ikiwa na zaidi ya sentimita moja ya akiba nyuma, na raba za kuzuia zilikuwa na alama mpya za kuguswa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: raba imegusa kabla ya shokapu kufika mwisho. Ule mlio wa "ko!" haukurudi.

Nati ziliguswa tena baada ya kilomita 100 na mbili za chini zilikubali robo mzunguko, kwa kuwa raba mpya hukaa. Tairi za nyuma bado zinanguruma kwenye lami. Mabaka yaliyokwishachimbika hayajazwi na shokapu, kwa hiyo zimehamishiwa mbele zikisubiri kubadilishwa.